Mkurugenzi wa Mishiri

Daftari langu la kwanza liko ndani ya bahasha ya kaki katika ofisi ya ushuru hapa mjini, ghorofa ya tatu. Limebandikwa nambari kama maiti. Mle ndani kuna mvulana wa kidato cha nne anayebeba kitabu cha Kemia kifuani kama mtoto mchanga, kuna siku niliyojifanya mgonjwa ili nisisome mbele ya paredi ya shule, na kuna ukurasa mmoja juu ya Mama ambao nitaufikia. Hili ninaloandikia sasa ni jipya, kurasa tisini na sita, bado linanuka duka.

Mimi si mtu wa kuongea. Mwalimu akiuliza swali, hata nikilijua jibu, moyo unapiga mpaka jibu linatoroka. Ndiyo maana huwa naandika. Nani alisema nini, saa ngapi, alikuwa amevaa nini. Mama alizoea kunicheka: "Huyu mtoto anaandika kama polisi." Na mimi nilikuwa nacheka pia, wakati huo.

Tunaishi Kiamunyi, mimi na Mama, kwenye nyumba ya vyumba viwili katika ploti ya wapangaji wanane. Mama anafanya kazi Milimani, yaani alikuwa akifanya. Alikuwa anapika na kusafisha nyumba ya mwanamume mmoja anayenunua mboga za wakulima na kuzipeleka ng'ambo. Alikuwa anamwita Bosi, kwa hivyo na mimi nilimwita hivyo.

Kitu cha kwanza cha kueleweka ni kwamba kitambulisho cha Mama hakijawahi kuwa chake peke yake. Ukiingia jengo lolote mjini unaacha kitambulisho kwa soja wa geti, unapewa kibati chenye nambari, ukitoka unarudishiwa. Cha Mama kimelala kwenye droo za masoja wengi kuliko ninaoweza kuhesabu. Pale ploti, mtu akipoteza laini ya simu, au akiwa na mpwa kutoka mashambani asiye na kitambulisho bado, anakuja kwetu. "Mama, nisaidie na ID nisajili laini dakika mbili tu." Mama anakitoa ndani ya sidiria na kumpa, jinsi unavyomwazima jirani sufuria. Watu wanne wa ploti yetu wanaongea na dunia kwa jina la Mama. Hakuna aliyeona ubaya. Kunyima mtu kitambulisho ni kama kumnyima moto wa kuwashia jiko. Watu watakusema.

Shosho peke yake ndiye alikuwa akikasirika. Shosho ni mama yake Mama, anakaa Dundori, na kitambulisho bado anakiita kipande. "Baba yangu alifungwa kipande shingoni kama mbuzi," alikuwa akisema, "na hata hivyo hakumpa mtu. Wewe chako hakuna aliyekufunga, unakitembeza kama mchele wa harusi."

Mama alikuwa akimjibu, "Maitu, hiyo ilikuwa enzi ya mzungu."

Likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha pili, nilienda na Mama kazini kumsaidia kusafisha madirisha. Nyumba ile ina madirisha mengi na miti inayadondoshea vumbi la manjano. Bosi alikuwepo. Ni mwanamume mpole, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Anaongea polepole, anakuuliza shule inaendeleaje na anangoja jibu. Aliniuliza nataka kuwa nani. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri kwamba nataka kuwa daktari. Tangu siku hiyo akaniita Daktari.

"Daktari wetu, njoo kidogo. Na Mama pia aje."

Mezani kulikuwa na karatasi zilizobandikwa vijikaratasi vya njano mahali pa kuweka saini. Bosi alisema ni za bima ya afya na pensheni, kwamba anataka wafanyakazi wake wasihangaike uzeeni. Karatasi zilikuwa za Kiingereza. Mama aliishia darasa la sita, Kiswahili anasoma akifuata kwa kidole, Kiingereza hapana. Alijipangusa mikono kwenye aproni akaweka saini, moja baada ya nyingine, ulimi nje kidogo kama anavyofanya akishona. Bosi akakipiga picha kitambulisho, mbele na nyuma.

Mimi nilikuwa nimesimama pale nikiwa na kitambaa mkononi. Ningeweza kusoma. Nilikuwa na B ya Kiingereza. Lakini kuinama juu ya karatasi za mtu mzima mbele yake, kungekuwa kama kumwambia usoni kwamba ni mwizi, na huyo mtu alikuwa ameniita Daktari. Nilisoma neno moja tu, kwenye kichwa cha ukurasa: *Director*. Nikafikiri ndilo jina la cheo cha Bosi.

Kisha simu ya Mama ikalia ujumbe. Simu ya Mama huwa nakaa nayo mimi, kwa sababu meseji nyingi ni za Kiingereza. Ulikuwa na nambari sita, na chini yake maneno yaliyosema usimpe mtu mwingine yeyote.

"Ni gani hiyo, Daktari?" Bosi akauliza, kalamu tayari.

Nikamsomea. Zote sita. Hata nilimrudia mara ya pili, polepole, ili asikosee.

Wiki hiyo Mama alibeba nyumbani kilo mbili za nyama na pea moja ya viatu vyangu vya shule. "Unaona?" akaniambia. "Mtu akiwa na roho nzuri Mungu anamwongeza."

Jioni niliandika yote kwenye daftari.

Meseji za ushuru zilianza mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha tatu, muhula wa pili. Ya kwanza ilisema kampuni fulani haijapeleka hesabu zake, na kwamba Mama, kwa majina yake yote matatu, ni mkurugenzi. Niliisoma nikiwa jikoni, maji ya ugali yakichemka. Nilijiambia ni matapeli, wale wa kila siku wanaosema umeshinda gari, tuma nambari ya siri. Nikaifunga. Nikakoroga ugali mpaka ukawa mgumu kama jiwe la kusagia, na Mama akaniuliza kama tumekosana.

Ya pili ilikuja, na ya tatu. Sikuzifuta, lakini sikumwonyesha pia. Nitasema ukweli kwa sababu hapa ndipo mahali pa kuusema: nilijua. Kila meseji ilinirudisha pale mezani na kile kitambaa, nikisoma nambari sita kwa sauti nzuri kama mtoto anayekariri aya kanisani. Kama Mama angefungwa, ni mimi nilikuwa nimefungua mlango na kushika pazia. Nilianza kuamka kabla ya kengele. Nikiona gari jeupe la serikali barabarani Kiamunyi, nageuza njia. Darasani mwalimu wa Biashara alitaja neno kodi nikaangusha kalamu. Wiki sita nilikaa hivyo.

Kilichonitoa mafichoni ni katoni.

Wikendi ya katikati ya muhula tulienda kwa Shosho kumsaidia kuvuna. Shosho anapanda viazi, ana ng'ombe wawili, na ana robo eka ya mishiri, yale maharagwe mabichi membamba ambayo sisi wenyewe hatuli sana lakini ng'ambo wanayapenda. Mishiri haisubiri mtu. Ikinenepa kidogo, ikipinda, ikipata doa la kutu, inakuwa rijekti na wanaokula ni ng'ombe. Unachuma na umande, unapanga kwenye kreti vichwa vikitazama upande mmoja, unapeleka kwenye banda la kupimia kabla ya saa nne.

Bandani siku hiyo kulikuwa na kelele. Karani wa mizani alikuwa amebandika bei mpya, na ilikuwa chini kuliko ya mwezi uliopita, ambayo nayo ilikuwa chini kuliko ya mwezi ule mwingine.

"Bei imeanguka huko Ulaya," karani alisema. "Si mimi. Mimi ni mizani tu."

"Inaanguka kila wiki," akasema mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yetu. "Hiyo Ulaya imekaa kwa mteremko?"

Watu wakacheka, karani pia. Shosho hakucheka. Wiki ile alikuwa ameenda zahanati kuchukua dawa za presha akaambiwa zimeisha, serikali haijaleta, anunue dukani mwenyewe. Alikuwa akivikata vidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Aliweka kreti yake mizanini akasema kwa Kikuyu, taratibu, kana kwamba anaongea na mishiri, kwamba labda mwaka ujao arudie viazi tu.

Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na katoni zilizokuwa zikingoja lori. Nyeupe, safi, na stika ya kijani ubavuni yenye jina la muuzaji. Jina hilo sitaliandika. Nililisoma mara moja. Nikatoa simu ya Mama mfukoni, nikafungua zile meseji, nikalisoma tena, herufi kwa herufi. Lilikuwa lilelile.

Yaani kampuni iliyokuwa ikinunua mishiri ya Shosho ilikuwa ya Mama.

Nilimwambia pale pale, nyuma ya banda, tukiwa tumekalia kreti tupu. Nilimwonyesha meseji zote. Nilimtafsiria. Alinisikiza akitabasamu kidogo, nusu ya uso, jinsi mtu anavyotabasamu akiona unamchezea.

"Mkurugenzi? Mimi?" Akatazama mikono yake. "Mkurugenzi wa sufuria."

"Mama, siku ile ya madirisha. Zile karatasi."

"Zilikuwa za bima."

"Hazikuwa."

Tabasamu likaondoka lenyewe. Alitazama mlango wa banda, ambapo mama yake alikuwa akibishana juu ya gramu. "Usimwambie Shosho," akasema. "Presha itamuua." Kisha: "Hizi meseji umekuwa nazo tangu lini?"

Nikamwambia. Hakunipiga. Alisimama, akajikung'uta majani kwenye sketi, akaenda kusaidia kubeba kreti. Afadhali angenipiga.

Jumatatu alikwenda Milimani kama kawaida, na mimi nikaenda naye. Nilimwambia mwalimu wa darasa nina daktari wa meno. Mama hakunirudisha. Nadhani aliogopa kuwa na karatasi bila mtu wa kuzisoma.

Bosi hakukasirika. Alitukaribisha sebuleni, mahali ambapo sijawahi kuona Mama akikaa, na Mama akakaa ukingoni kabisa mwa kochi kana kwamba limepakwa rangi. Bosi alisoma meseji kwenye simu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, Mama. Hawa watu wa ushuru wanasumbua kila mtu. Ni jina tu. Nilihitaji jina safi, na lako ni safi. Hakuna kitu kitakupata."

"Lakini wanasema niende, Bosi."

"Utaenda kufanya nini? Unajua kuongea na hao?" Alisema hivyo kwa upole, kama anamfunga mtoto kamba za viatu. Akatoa karatasi nyingine kwenye mkoba. Nayo ilikuwa na kile kijikaratasi cha njano. "Hii itamaliza maneno. Inasema tu kwamba kazi ya kampuni unaijua na ulikuwa ukiisimamia. Ukiweka saini, wakili wangu ataenda badala yako. Na huyu Daktari," akaniangalia, "karo yake ni juu yangu mpaka chuo kikuu. Mnisikie vizuri. Mpaka chuo kikuu."

Mama akashika kalamu.

Nataka niandike kwamba nilisimama nikasema kitu. Sikusema. Nilichofanya ni kuinama juu ya ile karatasi na kuisoma, wazi wazi, mbele yake, kwa kidole kama Mama, kitu nilichoogopa kukifanya mwaka uliopita. Juu kulikuwa na tarehe. Haikuwa ya siku hiyo. Ilikuwa ya mwaka uliopita. Nikaweka kidole hapo nikakiacha. Mama anajua kusoma tarehe.

Akaitazama. Akatazama kidole changu. Akapapasa aproni, mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, kifuani.

"Aki Bosi," akasema, "nimeacha miwani nyumbani."

Mama hajawahi kuwa na miwani maisha yake yote.

"Ni kuweka saini tu, Mama."

"Bila miwani nitaharibu karatasi yako. Nipe kesho. Acha kwanza nikupikie chai." Na kweli akaenda jikoni, akapika chai, akaandaa, akaosha vikombe, akakunja aproni na kuitundika nyuma ya mlango. Tulipofika getini alilishikilia geti kwa mikono yote miwili.

"Kesho hakuna," akaniambia. "Twende hao watu."

Tulitembea mpaka mjini. Kwenye lango la ofisi ya ushuru soja alinyoosha mkono. "ID, mathe."

Mama alirudi nyuma hatua moja. "Ya nini?"

"Si ya kuingia. Unaacha hapa, unachukua ukitoka."

"Siachi."

"Mathe, kila mtu anaacha."

"Hiyo ndiyo imenileta hapa, kuacha. Andika nambari kwa kitabu chako, utazame uso wangu, nitazame na mimi wako. Lakini kadi inaingia na mimi."

Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Soja alimwangalia Mama, akaangalia sare yangu ya shule, akaandika nambari kitabuni. "Pita, bosi," akamwambia Mama kwa kejeli, na Mama akapita kichwa juu, kitambulisho kimefumbatwa ngumini.

Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke mwenye sweta ya kahawia na kikohozi, na faili kwenye meza yake zilirundikana mpaka karibu zimfunike. Alipofungua jina la Mama kwenye kompyuta, akasoma mara mbili. Kisha akageuza skrini tuone. Mwisho wa mstari kulikuwa na nambari niliyoshindwa kuisoma, sifuri zilikuwa nyingi.

"Hii ndiyo kodi kampuni yako inadaiwa, mama. Na kuna mashtaka ya kudanganya bei. Wewe ndiye peke yako kwa makaratasi."

Mama aliuliza, "Bei gani? Mimi hata sokoni nadanganywa."

Afisa akacheka bila kutaka, kikohozi kikamkamata. Akachukua kikombe chake akakiweka katikati ya meza. "Tuseme hii ni katoni ya mishiri. Hapa uwanja wa ndege inaandikwa imeuzwa mia. Nani amenunua? Kampuni ingine, iko kisiwa fulani mbali, ofisi yake ni sanduku la posta. Hiyo kampuni ya kisiwa inauzia maduka ya Ulaya mia nne." Akasukuma kikombe moja kwa moja mpaka upande wangu. "Lakini angalia, katoni haijapitia kisiwani. Imeenda moja kwa moja. Iliyopita kisiwani ni karatasi peke yake. Na zile mia tatu zimebaki huko huko. Hapa inarudi mia, tunaambiwa hakuna faida, hakuna kodi, wakulima wanaambiwa soko ni mbaya."

Mama alikitazama kikombe kwa muda mrefu. "Kwa hivyo mishiri ilienda, pesa ikakataa kurudi."

"Mama, ungekuwa umeajiriwa hapa."

"Na mama yangu huko Dundori anaambiwa bei imeanguka."

"Ilianguka kwa karatasi iliyo na jina lako."

Hakusema kwa ubaya, lakini niliona Mama akipokea maneno hayo hapa, kwenye mbavu. Mimi nilifikiria vidonge vilivyokatwa nusu. Sijui pesa ya dawa za zahanati huwa inatoka kwenye katoni gani, na sitaki kujifanya najua. Nilifikiria tu.

Mama akamsimulia siku ile ya karatasi za bima, na afisa akaeleza kilichobaki. Saini zilikuwa za Mama kweli. Kitambulisho ni cha Mama. Nambari sita zilitoka kwa simu ya Mama. Kila mtu anayekamatwa husema alidanganywa, na wengine ni waongo. "Una kitu chochote cha siku hiyo? Shahidi? Mtu alisikia akisema ni bima?"

Mama alinigeukia. Alingoja tu.

Daftari lilikuwa kwenye begi langu la shule, mahali lilipo kila siku, kati ya Jiografia na chakula. Nilikaa na mkono ndani ya begi nikilishika. Nilijua ukurasa wenyewe. Nilijua kilichoandikwa juu na kilichoandikwa chini. Nikauliza, kwa sauti ambayo karibu isisikike, kama naweza kunakili sehemu moja tu.

"Hapana, mtoto. Nikikubali kipande, wakili atauliza kilichobaki kinasema nini. Nahitaji daftari zima. Na unisomee huo ukurasa, nirekodi."

"Usome," Mama akasema.

"Mama, kuna kitu huko chini."

"Mishiri ndiyo hukatwa kichwa na mkia. Soma yote."

Nikasoma. Nilisoma madirisha na vumbi la manjano. Nilisoma Bosi amevaa shati la michirizi ya bluu, amesema ni bima ya afya na pensheni ili wafanyakazi wasihangaike uzeeni. Mama ameweka saini mahali kumi na moja, nimehesabu vijikaratasi. Saa tano na dakika ishirini, ujumbe umekuja, Bosi akauliza nambari, nikamsomea mara mbili. Afisa alikuwa akiandika haraka. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa inatoka. Kisha nikafika chini, na hapo nilikuwa nimeandika hivi:

*Leo nimeona Mama akipiga magoti kupangusa sakafu na Bosi akaruka juu ya ndoo yake bila kuitazama, kama mtu anayeruka mtaro. Nimeona aibu. Natamani ningekuwa mtoto wa mwenye nyumba, si wa mwenye ndoo.*

Afisa aliacha kuandika. Nilitazama meza. Masikio yangu yalikuwa yakiwaka, na machozi yalinidondokea kwenye sare kabla sijaweza kuyazuia. Nilisikia kiti cha Mama kikisogea.

"Ile sakafu ni ya marumaru," Mama akamwambia afisa, kama mtu anayesahihisha kosa dogo kwenye taarifa. "Ukitumia mopu inaacha alama. Lazima upige magoti."

Akanivuta kichwa kikalalia bega lake, pale pale, mbele ya serikali.

Afisa alilifunga daftari akalitia kwenye bahasha, akatupa karatasi ya kuonyesha kwamba wamelichukua. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma yote kwa sauti, nikaitafsiri, na baada ya hapo ndipo Mama akaweka saini. Tuliambiwa kwamba kwa sasa atachukuliwa kama shahidi. Kwa sasa. Nimeyaandika maneno hayo mawili jinsi yalivyosemwa, kwa sababu nimejifunza kwamba ndani yake kuna mlango ambao haujafungwa. Tulisikia kwamba Bosi amesafiri. Nyumba ya Milimani ina soja mpya ambaye hamjui mtu. Banda la Dundori halijafunguliwa kwa wiki tatu, na mishiri ya Shosho imenenepa shambani, ng'ombe wanaila. Tumemweleza Shosho hatimaye. Alimwambia Mama, "Lete nikione hicho kipande." Akakishika, akakigeuza, akakirudisha.

Mama sasa anafua nguo za watu hapa Kiamunyi. Hatujazungumzia tena ule ukurasa, ila jana, akianika, aliniambia nimpe kiti kwa sababu magoti yanauma, na akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu anayeomba kiti tu.

Leo mchana jirani wa mlango wa tano alikuja na mpwa wake. "Mama, tusaidie na ID, dakika mbili, tusajili laini."

Mkono wa Mama ulienda kifuani wenyewe, kwa mazoea. Ukakaa pale. "Hapana," akasema. "Nisamehe. Mwambie angoje chake kitoke."

Jirani alimtazama kama mtu aliyenyimwa maji. "Kumbe ni kweli. Umekuwa mkurugenzi."

Wakaondoka. Mama alibaki amesimama mlangoni, mkono bado kifuani, na nikaona kwamba ilimuuma, maana watu wa ploti watamsema, na tayari wanasema. Simu yake ikaanza kulia mezani. Nambari mpya. Hakuigusa. Alinitazama mimi na daftari hili.

"Andika saa kwanza," akaniambia, "ndio nishike."